Kununua Noah au Voxy iliyotumika Malindi: anza chini ya gari

Msimu wa wageni ukipungua, kuanzia Aprili hadi Juni, magari ya kuuza huongezeka hapa mjini, na maswali huja yale yale. "Nimepata Noah safi, bei yake nzuri, nichukue?" Mtu ametumiwa picha ya viti, ya skrini ya redio na ya rimu zinazong'aa. Chini ya gari hajaonyeshwa, na mwenyewe hakuomba.

Mwongozo huu ni wa anayenunua vani ya watu saba au wanane, awe ni wa kubeba familia au wageni wa hoteli, kutoka kwa mtu au yadi hapa Malindi, Watamu au Mambrui. Noah na Voxy, vani za Toyota, nitazitaja sana kwa sababu ndizo zinazoulizwa. Ni gari moja, zimetofautiana sura tu. Mengi yafuatayo yanahusu Serena ya Nissan pia, na HiAce ina hatua yake.

Jambo kubwa la pwani ni moja: injini hufa mara chache kabla ya bodi. Upepo wa kusi hupuliza mvuke wa chumvi hadi ndani ya mji, na gari linalolala karibu na ufuo huliwa polepole kila usiku. Injini utapata nyingine Mombasa. Chesisi iliyooza haina dawa ya maana.

Uwe na nini kabla ya kwenda

- Fundi wako mwenyewe. Asiwe fundi wa muuzaji, wala "fundi anayelijua hili gari." Huyo analijua, ndiyo, na ana sehemu yake katika bei.
- Tochi yenye mwanga mkali, na mkeka au kadibodi ya kulalia.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, isikwaruze rangi.
- Bisibisi yenye mpini mgumu, ya kugongea.
- Kitambaa cheupe.
- Mita ya volti, na kidude cha kusoma hitilafu za kompyuta ya gari. Vile vidogo vinavyoungana na simu vinatosha. Fundi wengi wa umeme wa magari wanacho.
- Akaunti yako ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na PIN ya KRA, yaani namba yako ya kodi.
- Watu wawili au watatu wa kupakia wakati wa kujaribu gari. Hili watu hulisahau.

Panga kwenda asubuhi. Mwambie muuzaji mapema: "Ami, tafadhali usiliwashe mpaka nifike, na usilioshe chini." Ukifika, weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ina joto, kuna kitu hakutaka ukisikie injini ikiwa baridi. Rudi siku nyingine.

Hatua ya 1: Tafuta rekodi kabla ya kupanda bajaji

Omba namba ya gari kwa simu, uingie kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ndani ya eCitizen, ulipie nakala ya rekodi za gari. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chesisi na ya injini, rangi, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Ikiwa mkopeshaji yumo, gari bado ni dhamana ya deni. Ahadi ya "nikipata pesa yako nitamalizia mkopo" usiikubali mpaka mkopeshaji mwenyewe awe mezani.

Usidanganywe na herufi za namba ya usajili. Zinaonyesha gari lilisajiliwa Kenya lini, si lini lilitengenezwa. Kanuni inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo gari lililosajiliwa hapa 2021 linaweza kuwa la 2014. Uliza miaka yote miwili.

Hatua ya 2: Soma namba ya chesisi

Magari yaliyouzwa kwanza Japani hayana ile namba ndefu ya herufi 17. Yana jina la modeli, kistari, kisha tarakimu. Kwa Noah na Voxy, AZR60 ni za kuanzia 2001, ZRR70 za kuanzia 2007, na ZRR80 za kuanzia 2014. Tarakimu ya mwisho ya jina hilo ikiwa 5, yaani AZR65, ZRR75 au ZRR85, gari linavuta kwa magurudumu yote manne.

Hiyo 5 ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wajapani wa sehemu za theluji ndio wanaopenda magari ya magurudumu manne, na huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Gari kama hilo linaweza kuwa lilianza kuoza kabla halijapanda meli, kisha likaletwa kumalizia maisha yake mita mia mbili kutoka baharini. Si kwamba usilinunue. Likague chini mara mbili.

Linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kibati na ile ya rekodi. Ikiwa imekwaruzwa au eneo lake limepakwa rangi upya, ondoka.

Hatua ya 3: Lala chini

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Gari liwe limesimama kwenye sakafu ngumu, na likiinuliwa kwa jeki liwekewe stendi au magogo. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Angalia kwa mpangilio, mbele kwenda nyuma:

Fremu ya mbele inayobeba injini, hasa pembe zake na pale mikono ya magurudumu inapofungwa. Kutu nyembamba ya rangi ya machungwa ni ya kawaida kwa gari la pwani. Kutu inayobanduka kwa magamba ndiyo ya kuogopa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hutoa sauti butu na vumbi huanguka.

Sehemu za kuwekea jeki, chini ya milango. Zikiwa zimebonyea au zimejazwa fila (dawa ya kuzibia bodi), maji yameshaingia ndani ya kizingiti.

Paipu za breki na za mafuta. Fuata kila moja kwa tochi. Paipu ya breki iliyovimba kutu haingojwi; ni ya kubadilishwa kabla ya gari kutoka hapo.

Kisha paipu za AC ya nyuma. Hizi ndizo zinazowaumiza wanunuzi wa vani. AC ya nyuma hupelekewa gesi kwa paipu ndefu zinazopita chini ya sakafu, na chumvi na mchanga huzila hasa pale zinaposhikwa na klipu. Gari lenye hita ya nyuma lina paipu za maji ya injini zinazopita huko huko. Hizo zikitoboka, maji ya injini huisha njiani na injini huchemka ukiwa katikati ya Garsen na Witu. Pitisha kitambaa cheupe juu yake: mafuta mafuta ni dalili ya gesi kuvuja, ukoko wa rangi ni dalili ya maji.

Malizia na ekseli ya nyuma, mikanda ya tangi la mafuta, shingo ya kujazia mafuta, na pale tairi la spea linapofungwa.

Onyo: chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, inayonukia, usiseme "limetunzwa." Uliza lilipakwa lini na nani, na kama kuna picha za kabla. Rangi hiyo ikipigwa juu ya kutu huificha tu, na kutu huendelea kula kwa ndani.

Hatua ya 4: Bodi na mlango wa kuteleza

Pitisha sumaku juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango na pembe za mlango wa nyuma. Isiposhika, kuna fila chini ya rangi. Jihadhari tu na bampa, hizo ni plastiki na hazishiki popote. Tazama alama ya mtengenezaji kwenye kila kioo; kimoja kikiwa cha kampuni nyingine, uliza kilivunjikaje.

Mlango wa kuteleza ufungue na kuufunga mara nyingi, kwa mkono na kwa swichi, gari likiwa tambarare na likiwa limeinama kidogo. Mchanga wa Malindi hujaa kwenye reli na kula roli za mlango. Mlango unaoguna au kurudi nyuma wenyewe unaweza kuwa na uchafu tu, au kebo na mota zimechoka. Ukitaka kujua, zima umeme wa mlango uuvute kwa mkono: ukiwa mzito bado, tatizo ni reli na roli, na hilo si ghali. Ukiteleza vizuri, basi shida iko kwenye mota au kebo, na hapo punguza bei.

Hatua ya 5: Injini ikiwa baridi

Fungua kifuniko cha radieta. Maji yawe na rangi ya kulanti, si kahawia ya kutu. Ukikuta maji matupu ya bomba, mwenye gari alikuwa akiongeza ongeza. Toa kijiti cha oili ukifute kwa kitambaa cheupe. Oili nyeusi si shida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni shida kubwa: maji na oili vimekutana.

AZR60 zenye maandishi ya D-4 zina injini ya 1AZ-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi hujaa kwenye njia ya hewa, na gari hutetemeka likiwa limesimama. Fundi wa D-4 wapo lakini si kila kona. Kama hili ni gari lako la kwanza, mimi ningekwambia uongeze pesa ufike ZRR70.

Injini za ZRR70 na ZRR80 zinatumia cheni, kwa hiyo usilipie hadithi ya "mkanda wa taimingi umebadilishwa juzi."

Hatua ya 6: Washa, usubiri

Geuza swichi bila kuwasha injini. Taa za dashibodi ziwake zote, ikiwemo ya injini, ya ABS na ya eabegi. Ukiwasha, zizime. Taa ambayo haikuwaka kabisa imeng'olewa au kuzibwa, na hilo ni baya kuliko taa inayowaka.

Sikiliza sekunde za mwanzo. Mlio wa cheni unaokatika mara moja unaweza kuvumilika; unaoendelea, hapana. Mtu asimame nyuma ya egzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweupe mzito usiokwisha ni maji ya injini, mweusi ni petroli nyingi. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe.

Weka mita kwenye betri. Injini ikiwa inanguruma, volti ziwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi.

Sasa washa AC ya mbele na ya nyuma, zote, uliache gari lisimame juani dakika ishirini. Muuzaji ataudhika. Mwache. Feni ya radieta iingie na kutoka, mshale wa joto usipande, na hewa ya nyuma ibaki baridi. Joto la Februari la hapa kwetu ndilo litakalolijaribu gari hili kwa kweli.

Funga kidude cha kusoma hitilafu mwishoni, na tena baada ya safari ya kujaribu. Kompyuta iliyofutwa asubuhi hiyo huanza kukumbuka gari likitembea.

Hatua ya 7: Endesha, likiwa na watu

Noah tupu ni gari tofauti na Noah yenye watu saba, kwa hiyo wapakie wale uliokuja nao. Toka mjini kwa barabara ya Mombasa, pita uwanja wa ndege, nenda hadi Gede urudi. Lami ile ni nzuri na inakupa nafasi ya kufika kilomita 80 kwa saa. Usukani ukitetemeka hapo, linaweza kuwa suala la balansi ya tairi tu, au diski za breki kama unatetemeka ukikanyaga. Sehemu isiyo na gari nyuma yako, funga breki kwa nguvu kiasi uone kama linavutwa upande.

Rudi kwa njia ya ndani yenye mashimo na mchanga. Zima redio. Mlio wa "ko-ko" mbele ni bushi, boljointi au viungo vya stabilaiza. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili ukitembea polepole: mlio wa "ka-ka-ka" ni jointi za ekseli.

Gia boksi ya CVT haina kubadilisha gia unakokusikia. Iongeze mwendo taratibu na sawasawa. Ikipiga kelele ya mvumo, ikisita au ikitetemeka gari likianza kuondoka, kuwa mwangalifu sana. Muulize mwenyewe: "Oili ya gia boksi uliweka ipi?" Toyota ina oili yake ya CVT, TC au FE kulingana na modeli. Aliyejibu "ATF ya kawaida tu" amekupa sababu ya kuondoka.

Hatua ya 8: Ndani

Usipoteze muda mwingi hapa. Inua zulia la nyuma unuse: harufu ya ukungu, matope kwenye njia za mikanda, au kutu kwenye skrubu za viti ni dalili za gari lililozama. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalifika sehemu nyingi za pwani na Tana, na si kila gari lililolowa lilifika gereji. Vuta kila mkanda wa kiti hadi mwisho. Kunja na kukunjua viti vya safu ya tatu.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Pedali iliyolika na usukani unaong'aa havikubaliani na kilomita 60,000.

Tairi zina tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye miaka saba juani ni la kubadilisha.

Hatua ya 9: Gari lilifanya kazi gani?

Hii ni kwa HiAce na vani za utalii. Iliyokuwa matatu huacha alama: mstari wa njano chini ya rangi mpya, matundu ya ziada sakafuni, nyaya za kidhibiti mwendo zilizokatwa. Ikiwa ina injini ya 1KD ya dizeli, ina mkanda wa taimingi, na injekta zake ni ghali. Mlio mkali wa kugonga gari likiwa limesimama na injini inanguruma usiupuuze.

Vani ya safari yenye paa la kuinuka, kagua mpira wa paa kwa kumwagia maji. Kisha tafuta vumbi jekundu kwenye mikunjo ya milango na nyuma ya taa. Udongo huo ni wa Tsavo, na gari linaloingia kwa lango la Sala kila wiki lina bushi na shoks zilizochoka hata rangi ikiwa mpya. Magari yanayopeleka wafanyakazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, binafsi siyagusi.

Na ukitaka wewe mwenyewe kubeba abiria wa kulipa, jua mapema kuwa gari la binafsi na bima ya binafsi havitoshi. Hesabu gharama za PSV, yaani za gari la abiria wa kulipa, kabla ya kukubaliana bei.

Hatua ya 10: Bei na malipo

Orodhesha kasoro zote, piga simu duka la vipuri uulize bei ya kila kimoja, kisha ukae na muuzaji. Orodha yenye bei ina nguvu kuliko "punguza kidogo, ami."

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, wenye namba ya chesisi, kitambulisho na PIN za wote wawili. Pesa iende kwenye akaunti ya jina lile lile la rekodi, si ya dalali. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye eCitizen mkiwa mmekaa pamoja, nawe uukubali hapo hapo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakupa siku 14 kutumia gari kabla halijaandikwa jina lako.

Ukikutana na haya

*Mwenye gari kwenye rekodi ni shangazi yake aliye Oman.* Huenda ni kweli. Omba kuzungumza naye kwa video akiwa na kitambulisho, na hati ya wakala iliyothibitishwa na wakili. Bila hivyo, gari bado ni la shangazi.

*Taa ya injini inawaka, anasema ni sensa tu.* Sawa, aibadilishe kwanza, wewe urudi kesho.

*AC ya mbele ni baridi, ya nyuma ni joto.* Sikiliza feni ya nyuma. Ikipuliza kwa nguvu hewa ya joto, angalia tena paipu za chini kabla ya kukubali "inataka gesi tu." Gesi haiishi bila kutoka mahali.

*Fundi wako amesema ndiyo, lakini muuzaji hataki uingie chini.* Mpe nafasi ya kulipeleka gereji utakayochagua, gharama juu yako. Akikataa tena, mshukuru uondoke.

*Umelipa, uhamisho umekwama.* Mara nyingi muuzaji hajathibitisha kwa simu yake, au namba aliyosajilia akaunti haitumiki tena. Ndiyo sababu ya kuzuia sehemu ya malipo, iliyoandikwa kwenye mkataba, mpaka jina lako lionekane kwenye rekodi. Kama ulishalipa yote, anza na wakili aliyeandika mkataba, ukiwa na risiti ya benki mkononi.